Siku yangu ndani ya labo (maabara), hapa Bukavu

Saa 12 asubuhi nashuka Kadutu kwa miguu, matope ya mvua ya usiku yakining'ang'ania viatuni. Kuran, yaani umeme, ilikatika tena. Akili yote iko kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, maana haviwezi kuota vizuri bila joto la karibu nyuzi 37 usiku kucha. Zamu, mlinzi wetu wa usiku, anasema jenereta iliwaka papo hapo. Namshukuru Mungu.

Saa 1 na nusu naanza na sahani ya maabara tuliyooteshea vijidudu vya mkojo wa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sokoni hanyanyuki: choo ni kichafu, na akiondoka wateja wanakwenda kwa mwingine. Basi hanywi maji, mkojo anaubana mpaka jioni. Hii ni mara ya tatu mwaka huu anakojoa kwa maumivu. Mara mbili zilizopita alinunua sipro, dawa ya kuua vijidudu, farmasi, vidonge vinne au sita, kadiri ya pesa iliyokuwepo. Maumivu yakipoa, anaacha.

Nainua sahani dirishani. Vijidudu aina ya E. koli vimetanda kama ukungu, na juu yake kuna viduara vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kwenye sipro vimeota mpaka ukingoni kabisa: dawa imeshindwa. Ampisilini vivyo hivyo. Bactrim vivyo hivyo. Ni nitrofurantoini peke yake iliyozungukwa na duara safi. Napima kwa rula, milimita 20. Dawa ya tangu 1953! Nimemwita mwenzangu aje aone.

Saa 3 hadi saa 7 ni vikopo tu. Kila mtu namwambia: mkojo wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati, uniletee ndani ya muda wa saa mbili, maana ukikaa sana kwenye joto vijidudu vinazaana na majibu yanakuwa si ya kweli. Kijana mmoja amekasirika kusikia majibu ni kesho kutwa. Nitamlaumuje? Anaumwa leo, na mara nyingi dokta analazimika kumwanzishia mgonjwa dawa kwa kukisia. Hilo linaniuma kila siku.

Saa 8 mama wa sambaza amefika.

"Mwanangu, si uniandikie tu sipro ya nguvu?"

"Mama, ile sipro iliua vile dhaifu, vikabaki vinavyoiweza. Sasa ni hivyo ndivyo vilivyozaana."

Dokta amemuuliza kuhusu homa na maumivu ya ubavuni. Hana. Kama maambukizi yangekuwa yamepanda kwenye figo, nitrofurantoini isingetosha. Ameandikiwa ya siku tano, azimalize zote.

Kabla ya kuondoka amefungua pindo la kitenge: sipro tatu, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

"Hizi nilikuwa nampelekea mdogo wangu. Naye anaungua hivi hivi."

Nimemwomba aniachie. Nimempa kikopo kisafi cha mdogo wake, nikamwambia aje naye kesho saa 2, kikopo akijazie hapa hapa.