Siti ya mtu mmoja

Fundi alizima grenda, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaniuliza kwa mara ya tatu: "Mwanangu, nikishakata hakuna gundi. Nikate?"

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, mwaka 2015, kwenye kibanda chake cha mabati. Juu ya matofali mawili ilisimama Honda CG125 ya mjomba wangu, imevuliwa kila kitu, imebaki mifupa. Nyuma ya shokapu nilikuwa nimechora mstari wa chaki. Kila kilichokuwa nyuma ya mstari ule, yaani mkia wa fremu, siti ya abiria na keria, kilitakiwa kiondoke.

Nikamwambia kata.

Kipande kilipoanguka nilikiokota na tambara kwa sababu kilikuwa bado cha moto. Kwenye vyuma vya keria kulikuwa na vibonde vidogo vinavyong'aa, mahali ambapo mipira ya tyubu ilikuwa imesugua mpaka rangi ikaisha. Ilifunga magunia ya mbegu, madebe ya mafuta ya taa, mbuzi mmoja wa Idi aliyelia njia nzima. Na kabla ya keria ilikuwa siti niliyokaa mimi, mtoto wa darasa la pili, nimelikumbatia tumbo la mjomba na macho nimeyafumba. Mjomba alikuwa bwana shamba. Pikipiki ilikuwa ya kazi, na ilipopigwa mnada akainunua yeye mwenyewe, maana, kama alivyosema, asingekubali kumuona mtu mwingine akiiendesha vibaya. Baadaye magoti yakamgomea. Akaniita, akanionyesha kuku aliyeatamia chini ya injini, akasema, "Akishaangua, ichukue."

Wazo la kuikata sikulipata Tanga. Nililipata kwenye simu, kwenye picha za zamani za vijana wa London waliokuwa wanakusanyika Ace Cafe, mgahawa wa kando ya barabara, miaka ya 1960. Wale walichukua pikipiki za kawaida wakazivua kila kizito, wakashusha hendeli chini, wakaweka siti moja yenye nundu nyuma, wakawa wanafukuzana barabarani kama wako mashindanoni. Sifa yao kubwa ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. CG125 ina nguvu za farasi kama 11 hivi. Ukitaka ifike hata kilomita 100, tafuta mteremko na uombe upepo uwe nyuma yako. Hayo niliyajua. Mtu akishapenda umbo la kitu, hesabu humwambii.

Injini ndiyo haikunisumbua. Honda walianza kuitoa CG mwaka 1976, kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kusahauliwa kumwagiwa oili. Badala ya cheni ya taimingi inayopanda mpaka juu kwenye hedi, waliweka fimbo mbili za chuma zinazosukuma roka, vile vyuma vinavyofungua valvu. Umbo la kizamani, lakini gumu. Wachina wakaliiga, na ndiyo maana injini za bodaboda nyingi zilizojaa mitaani ni wajukuu wa CG. Nilikwenda duka la spea za bodaboda na pistoni ya mjomba mfukoni, imefungwa kwenye gazeti. Muuzaji akaipima kwa macho tu, akanipa mpya ya ovasaizi, pana zaidi kwa milimita 0.50, pamoja na ringi zake. Silinda ikapelekwa kwa mkerezaji, ikachongwa, ikarudi ndani yake inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Tangi nililisafisha mwenyewe. Lita tano za siki, kiganja cha nati kuukuu, halafu kulitikisa asubuhi na jioni kwa siku nne. Nyumba nzima ikanuka achari.

Tabu ilikuwa kwenye urembo. Hendeli za mashindano hazikupatikana, kwa hiyo tuliigeuza ile ile ya zamani juu chini. Ukiitazama kwa mbali, safi kabisa. Siku ya kwanza nilipokata kona ya kuingia barabarani, ncha ya hendeli ikagonga tangi lililotoka kupigwa rangi siku hiyo hiyo. Bonde la saizi ya yai. Fundi hakusema neno. Alichomelea vizuizi viwili shingoni ili usukani usizunguke mpaka mwisho, na kuanzia hapo ikawa pikipiki ya kugeuzwa kwa awamu tatu kama lori. Kikao chenyewe kilikuwa cha kuinama. Vijana wa bodaboda pale kituoni walinipigia kelele: "Oya kaka, umedondosha nini?"

Halafu boksi la filta. Nililitoa kwa sababu picha za London hazikuwa nalo, nikaweka kichujio kidogo cha wazi mdomoni mwa kabureta. Pikipiki ikaanza kukohoa. Ukifungua mafuta inasita, ukiendelea inapiga chafya, na injini inachemka kupita kiasi. Fundi akachomoa plagi, akaigeuza juani. Ilikuwa nyeupe kama jino.

"Hewa nyingi, petroli kidogo," akasema. "Umeifungua pua lakini mdomo umeuacha ule ule."

Ilitaka jeti kubwa zaidi, kile kitundu kinachopitisha petroli, na jeti ya kabureta ile hatukuipata. Tukapandisha sindano ya kabureta tundu moja ili petroli iongezeke. Ikapungua kukohoa, haikuacha. Nikachoka. Miezi saba ilikuwa imepita, pesa ya kiwanja cha ndoto zangu ilikuwa imegeuka rangi nyeusi na siti ya leksini, na mjomba alikuwa anapiga simu kila Ijumaa kuuliza "mtoto wake" anaendeleaje. Sikuwa nimemwambia kuhusu mkia.

Nikaamua nimpelekee aione. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao Lushoto.

Niliondoka Tanga alfajiri, mwendo wa kilomita 60 tu kwa saa, maana pistoni mpya inataka kuzoeshwa. Muheza ikakohoa. Segera ikakohoa. Korogwe nilisimama kunyoosha mgongo, na mama mmoja muuza machungwa akaniuliza kama naumwa tumbo. Mombo nikanywa chai nzito, nikatazama milima ya Usambara ilivyosimama kama ukuta, nikajiuliza kama injini inayosita kwenye tambarare itanifikisha huko juu.

Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 30 na ushee, na karibu zote ni kona. Bonde upande mmoja, mwamba upande wa pili. Nilipanda kwa gia ya pili, mara ya tatu, nikisubiri chafya. Kabla ya Soni nikagundua kwamba nimeshapita kona nyingi bila kuisikia. Nikafungua mafuta kwa hofu. Ikavuta. Nikafungua zaidi, ikavuta tena, laini, na kona zikaanza kuja zenyewe: kulia, kushoto, goti karibu na tangi. Kwa mara ya kwanza kile kikao cha kuinama kikawa na maana. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Fundi alinieleza baadaye. Hewa ya pwani ni nzito, ya mlimani ni nyepesi. Kabureta iliyokuwa inapata hewa ya kuzidi Tanga, ilipopanda kuelekea mita 1,400 juu ya bahari hewa ikapungua, petroli ikabaki ile ile, vikalingana. Nilikuwa nimetengeneza pikipiki ya Lushoto nikiwa Ngamiani.

Mjomba alikuwa amekaa kibarazani na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anaitazama ile nyuma fupi. Mkaza mjomba akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaizunguka pikipiki yote.

"Hii siti yake nyingine iko wapi?"

Nikaeleza habari za London. Nilijisikia nikieleza.

"Na mimi sokoni nitapakiwa wapi? Kwenye tangi?"

Mjomba akanyanyua mkono, akamnyamazisha. "Iwashe."

Nikapiga kiki moja, ikashika. Akafumba macho akasikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Nilisubiri asifie. Injini ilikuwa inazunguka kimya, na kimya kile nilikigharamia: nilinunua kipimo cha chuma kutoka Dar, nikafunga tapeti, ile nafasi ndogo kati ya roka na valvu, kwa milimita 0.08 kama kitabu kinavyosema.

"Imebana," akasema. "CG isiyogonga kidogo, iogope. Umepima na nini?"

Nikamwambia. Akaguna. Asubuhi yake, injini ikiwa ya baridi, akaagiza spana namba kumi na wembe. Wembe wa kunyolea, mpya, bado kwenye karatasi. Hakuweza kuchuchumaa, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda, nikafungua kifuniko cha roka, yeye akapenyeza wembe kati ya skrubu na valvu kwa vidole viwili, akanielekeza nikaze, nilegeze, nikaze. Alikuwa anauvuta na kuurudisha kama mtu anayejaribu upana wa pete. Unene wa wembe ni kama milimita 0.10. Tofauti na kipimo changu ni unywele usiofika, lakini nilipopiga kiki niliisikia palepale: tiki-tiki-tiki, juu ya mngurumo.

Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Tulikuwa tunaisikia tangu kwenye minazi, kabla taa yake ya volti 6, hafifu kama kibatari, haijatokea, na sisi watoto tunakimbilia njiani kugombea nani apakiwe mpaka mlangoni.

Mkaza mjomba akachungulia dirishani. Hakusema kitu, akarudi ndani.

"Sasa zima," mjomba akasema, huku akiurudisha wembe kwenye karatasi yake. "Petroli hainunuliwi kwa kusikilizwa."