Gari lililolala muda mrefu: usikimbilie pampu mpya ya petroli

Gari la injeksheni likikaa miezi sita uani Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, usianzie dukani. Washa swichi bila kupiga stata, kisha tega sikio kiti cha nyuma: kwa magari mengi pampu nzima huvuma kama sekunde mbili, halafu hunyamaza. Kimya? Tazama fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme inayowasha pampu); ibadilishe kwa muda na ya honi kama zinafanana. Halafu pima umeme kwenye soketi ya pampu mwenzako akiwasha swichi. Volti 12 zikifika na pampu haizunguki, imekwama au imeungua. Zisipofika, fuata waya, hasa wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari). Hewa yetu ya chumvi huutafuna hadi ukatoa unga wa kijani, na inauma kuona pampu nzima ikitupwa kwa skrubu moja yenye kutu.

Pampu ikivuma lakini injini haiwaki, pima presha ya petroli: mengi hutaka bar 2.5 hadi 3.5. Ikiwa chini, kagua filta na chujio la pampu. Petroli iliyochacha hunuka kama vanishi na huacha gundi ya hudhurungi. Itoe yote, safisha tangi, la sivyo pampu mpya nayo itaziba. Kabla ya kufungua tangi, chomoa betri.