Sampuli ya Mbeya isiyokaa kwenye tawi moja

Masika ya 2015 ilifika Dar es Salaam karatasi ya damu kavu kutoka Mbeya, ya mgonjwa ambaye dawa za VVU zilikuwa zimeacha kumsaidia. Kazi ya maabara ilikuwa ya kawaida: kusoma pol, jeni ya virusi yenye vimeng'enya vinavyolengwa na dawa, kutafuta usugu wa dawa, kutuma majibu. Jeni ya gag, ya protini za kiini cha kirusi, tuliiongeza kwa ajili ya mti wa ukoo wa virusi wa nyanda za juu kusini, uliokuwa unajengwa wakati ule.

Damu kavu ina masharti yake. Karatasi inabeba matone 5, kila moja mikrolita 50 hadi 75, na lazima likauke kabisa kabla ya kufungiwa kwenye mfuko pamoja na kikaushio na kadi ya unyevu. Kadi ikibadilika rangi, unyevu umeingia na huenda RNA, yaani uzi wa jeni za kirusi, imeanza kukatika: vipande vifupi bado vitakubali kukuzwa kwenye PCR, njia ya kuzidisha nakala za jeni, virefu vitagoma. Jambo la pili husahaulika mara nyingi. Tone la damu nzima lina seli, na ndani ya seli kuna DNA ya virusi iliyojificha tangu miaka ya nyuma. Kwa hiyo unachosoma chaweza kuwa cha zamani kuliko virusi vinavyozunguka mwilini leo.

Mti wa gag ulitoka safi. VVU hugawanywa katika aina ndogo, kama A1, B, C na D. Sampuli ilikaa ndani ya A1, na kompyuta ilipoujenga mti upya mara 1,000, tawi hilo lilijirudia kwa asilimia 98. Mti wa pol ndio uliotutoa jasho. Damu ileile ilining'inia peke yake kwenye tawi refu, karibu na shina, katikati ya C na D, kwa asilimia 41. Tawi lililo chini ya 70 hatulitegemei.

Hapo cha kwanza kushukiwa ni uchafuzi. Virusi vinavyofugwa maabara nyingi duniani, HXB2 na NL4-3, ni vya aina ndogo B. Mfuatano wa Mbeya ukiangukia ubavuni mwa HXB2, umetoka kwenye benchi, haukutoka kwa mgonjwa. Huu haukuangukia B. Kontroli hasi, yaani mrija usiowekwa sampuli, ilikuwa tupu kwenye jeli, ambako jeni zilizokuzwa huonekana kama mstari, na hakuna sampuli jirani kwenye sahani iliyofanana nao. Tukakata tone jingine la karatasi ileile na kuanza upya tangu kutoa RNA. Matokeo yakawa yaleyale.

Ndipo tukaupitisha kwenye SimPlot, programu ya kompyuta: dirisha la herufi 300 za jeni linalosogea herufi 20 kwa 20, kila mara likilinganisha kipande hicho na mifuatano rejea ya hifadhidata ya VVU ya Los Alamos, Marekani. Mstari wa C ulikuwa juu mwanzoni mwa pol, kisha ukashuka ghafla na wa D ukapanda. Tulipoikata pol pale mistari ilipopishana na kujenga miti miwili, kipande cha kwanza kikaenda C na cha pili D, vyote kwa zaidi ya asilimia 90: dalili ya mseto, kirusi kilichounganisha vipande vya aina tofauti.

Hata hivyo, mashine yenyewe ya PCR inaweza kutengeneza mseto wa uongo, na hapa ndipo wengi huharakisha. Mtu akiwa na virusi vya aina mbili mwilini, kimeng'enya kinaweza kuachia kipande nusu kwenye nakala ya C, na mzunguko unaofuata kipande hicho kikashika nakala ya D na kuendelea nayo. Utapata mfuatano mzuri wa kirusi ambacho hakijawahi kuishi. Dawa yake ni kuhakikisha kila mrija unaanza na molekuli moja tu. Karatasi haikuwa na RNA ya kutosha kwa hilo, kwa hiyo tuliomba damu mpya kwenye mrija wa EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, plazma itenganishwe siku hiyohiyo na isafirishwe kwenye barafu kavu.

RNA ya plazma iligeuzwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, ikazimuliwa hatua kwa hatua hadi mirija inayotoa mstari kwenye jeli haizidi asilimia 30. Kwa hesabu ya uwezekano iitwayo Poisson, kwenye kiwango hicho zaidi ya asilimia 80 ya mirija chanya imeanza na molekuli moja. Tulikuza kipande kimoja kirefu, herufi kama 2,700, kuanzia mwanzo wa gag hadi ndani ya pol, kwenye sehemu ya kimeng'enya cha reverse transcriptase, ili A1, C na D zikiwapo zionekane kwenye uzi mmoja. Kromatogramu, yaani michoro ya kusomea herufi, zenye vilele viwili mahali pamoja tuliziacha, maana zinaonyesha molekuli zaidi ya moja. Zilizobaki zote zilikuwa na mishono, yaani mahali aina moja inapoishia na nyingine kuanza, palepale. Kirusi kilikuwa mseto kweli.

Ramani ya njia zake inasomeka kwenye mishono hiyo. Kundi M, lenye aina ndogo hizi zote, mizizi yake iko Kinshasa: sampuli za huko za 1959 na 1960 zilikuwa tayari zinatofautiana kwa karibu asilimia 12, na utafiti wa 2014 ulikadiria shina lake kuwa karibu 1920. Kwa makadirio hayohayo, virusi vilifika Lubumbashi karibu 1937, kwa njia ya reli ya migodi, na C ikatamalaki kusini mwa Afrika. A na D ziliingia Afrika Mashariki baada ya 1950, zikashika kasi miaka ya 1970. Mbeya iko kwenye reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, ambako C ndiyo imeenea. Mahali pa njia panda kama hapa ndipo mtu huambukizwa mara mbili, na seli moja ikibeba virusi viwili, huzaa mseto.

Daktari aliyetuma sampuli alipiga simu. "Dada, sasa mnaweza kujua ameambukizwa na nani?" Nilimjibu hapana, na jibu langu ni lilelile leo. Mifuatano miwili ikikaribiana, bado kunaweza kuwa na mtu wa tatu kati yao ambaye hakupimwa kamwe, na mti wa aina hii hauonyeshi nani alianza. Kuutumia kumnyooshea mtu kidole ni kumdhulumu.

Mfuatano huo tuliutoa kwenye hesabu ya saa ya molekuli, inayokadiria umri wa matawi kwa mabadiliko ya jeni, kwa sababu saa hiyo inadhani kila mfuatano una mzazi mmoja. Tuliuandika kama mseto wa pekee. Kuupa namba ya mseto unaozunguka kunahitaji angalau watu 3 wasio na uhusiano wa moja kwa moja. Majibu yaliyorudi Mbeya hayakutaja lolote kati ya hayo. Yalikuwa na mabadiliko ya usugu M184V na K103N, yaani lamivudine imepungua nguvu, efavirenz na nevirapine hazifai tena, na hakuna usugu kwa dawa zinazozuia kimeng'enya cha protease, hivyo mgonjwa ahamishiwe dawa za mstari wa pili.