Siku nilipopimwa kwa futi yangu mwenyewe

Leo hakuna mshono. Aliyekuja kutafuta namna ya kukata gauni la solo au kuficha zipu anisamehe, arudi wiki ijayo. Leo naandika habari ya goti langu la kushoto, na habari nyingine iliyojificha nyuma ya goti hilo kwa miaka kumi na moja. Wanaume mnaonisoma mnakaribishwa, mkiweza kustahimili.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa ishirini na tatu huu. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga, Singer nyeusi ya marehemu mama, na niliikanyaga mpaka 2021 nilipofunga mota. Nina watoto wanne. Wa mwisho alizaliwa na kilo 4.2, wakunga wakaitana kuja kumtazama.

Goti lilianza kwa kulia. Ka, ka, ka, kila nikiinuka kwenye stuli. Baadaye likaanza kuuma kwenye ngazi, tena kushuka kuliko kupanda. Kisha likaingia kwenye swala: kusujudu naweza, ila kuinuka mpaka nishike ukuta. Mwisho nikawa naswalia kwenye kiti kama ajuza, na nina miaka 46 tu. Mtaani kila mtu alikuwa na dawa yake. Goti limeisha ute, kunywa supu ya makongoro. Goti limeisha ute, kula bamia. Nilikula bamia mpaka baba watoto akauliza kama nyama imepanda bei tena.

Hospitali niliyokwenda kwanza sitaitaja. Nilipigwa picha, daktari akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Umri huo, mama. Na uzito." Nikapewa vidonge vya maumivu. Vikaisha, nikarudi, nikapewa vingine. Umri upo na uzito upo, sikatai. Lakini katika safari zote tatu hakuna aliyenigusa goti, wala aliyesema vua viatu, tembea nikuone.

Mteja wangu mmoja, muuguzi aliyekuja kupimwa sare, ndiye aliyeniona ninavyoshika meza ili niinuke. Akaniambia niende fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilijua huko ni kwa waliopata kiharusi na watoto wenye mtindio wa ubongo. Kweli wapo. Siku niliyofika, mzee mmoja alikuwa akifundishwa upya kushika kikombe, na kila kikimponyoka mkewe anacheka na yeye anacheka. Nikaona haya kuja na goti.

Aliyenipokea ni binti wa umri wa kumzaa, amesomea Moshi, hospitali ya KCMC, kama wengi wa fani hiyo hapa nchini. "Shikamoo, mama." Marahaba, mwanangu. Akanitembeza, akaniketisha, akaniinamisha, akalikunja goti na kulikunjua huku amelifunika kwa kiganja, kama fundi anayesikiliza mashine. Halafu akaniangalia shingoni. Nilikuwa nimetoka kazini na futi yangu nimeisahau pale pale inaponing'inia siku zote.

"Naomba hiyo, mama. Yangu imefutika namba."

Akaweka alama ya peni sentimita 15 juu ya kikombe cha goti, paja la kulia, kisha la kushoto. Akazungusha futi. Kulia 52. Kushoto 49. Nikamwambia lete, maana kwenye futi simwamini mtu. Nikapima mwenyewe, nikalegeza, nikapima tena. 49. Miaka yote hiyo nawapima wengine, najua bega lipi la mteja limeshuka na kiuno kipi kimeongezeka tangu Idi, na paja langu mwenyewe limepungua sentimita tatu sina habari.

Maelezo yake yaliniingia kwa sababu yalikuwa ya kifundi. Mbele ya paja kuna msuli mkubwa unaonyoosha goti na kulipokea unaposhuka ngazi. Goti likiuma unalikwepa, unaegemea upande wa pili. Ukilikwepa, msuli unasinyaa. Ukisinyaa, goti linabaki kubeba peke yake, nalo linazidi kuuma. Picha ilionyesha gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, akakubali, lakini picha haionyeshi nguvu ya msuli, na wapo watu wenye picha mbaya kuliko yangu wanaopanda minazi. (Minazi nimeongeza mimi. Yeye alisema ngazi.)

Basi tukaanza. Kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, nipumzike, mara kumi, nipumzike, mara kumi. Kulala chali na kuinua mguu ulionyooka. Kupanda ubao na kushuka taratibu. Halafu akasema, "Sasa ruka kidogo, mama, kama unavuka mfereji."

Nikakataa.

"Goti?"

"Siyo goti."

Akanyamaza. Akaenda akavuta pazia, akarudi akakaa kwenye stuli fupi, chini yangu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mkojo?"

Nitawaambia miaka kumi na moja ilivyokuwa. Nikikohoa, tone. Nikipiga chafya, zaidi ya tone. Nikinyanyua jora dukani, nikicheka, nikiwahi daladala. Droo ya chini ya meza yangu ya kazi ilikuwa na sketi mbili za akiba na pedi, nayo imefungwa kwa ufunguo, wanafunzi wangu wakidhani ninaficha hela. Mimi ninayeshonea watu kila rangi nilikuwa navaa nyeusi tu. Safari ya Dar es Salaam siku moja kabla sinywi maji. Kwenye singo, yaani kusingwa kwa bibi harusi, ya mtoto wa dada yangu nilikaa kwenye kona napiga makofi, na watu wanajua mimi sikai ngoma ikilia. Na tarawehe niliziacha, kwa sababu kikohozi kimoja kwenye rukuu kinaondoka na udhu, na kutoka katikati ya safu kila usiku watu wataanza kuhesabu. Wengi walidhani nimelegea dini. Hilo liliniuma kuliko goti.

Niliwahi kusema mara moja, kliniki, mtoto akiwa na miezi mitano. Nikajibiwa ndio uzazi huo. Shangazi naye: kwani wewe wa kwanza? Nikafunga mdomo.

Binti nilipomwambia kuwa ndio uzazi, wengi wanalo, akajibu, "Na malaria wengi wanaugua, mama. Mbona tunaitibu?"

Akanieleza kuwa chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, imebeba kibofu, mji wa mimba na utumbo mkubwa wa chini. Wao wanaiita sakafu ya nyonga. Mimba inailemea, mtoto anapopita inavutika, wakati mwingine inachanika. Nikasema nimeelewa, ni lastiki. Lastiki ikishavutika kupita kiasi haina dawa, unaifumua unatia mpya.

"Hapana, mama. Lastiki haina uhai. Huu ni msuli, sawa na wa paja. Ukifanyishwa kazi unarudi."

Kisha akaniuliza kama anaweza kunipima kwa kidole, kwa ndani, na glavu. Alinieleza kila hatua kabla ya kuigusa, akasema naweza kukataa leo, naweza kukataa katikati, naweza kukataa kabisa na matibabu yakaendelea. Nilikubali. Akaniambia bana kama unazuia upepo na mkojo kwa pamoja. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akasema pole pole, unasukuma chini, umebana makalio, na hujapumua. Yaani miaka kumi na moja, mara chache nilizojaribu mwenyewe, nilikuwa nafanya kinyume. Nguvu wanaipima kwa alama, sifuri mpaka tano. Nilipata mbili.

Zoezi lenyewe mtu akikuona hajui kama unalifanya. Unavuta ndani na juu, kama unanyonya kitu kwenda juu, huku unapumua kawaida. Mimi nilianza kwa kushikilia sekunde tatu, nikapanda taratibu mpaka kumi. Nabana, naachia kabisa, maana kuachia nako ni kazi, wapo ambao shida yao ni misuli isiyojua kulegea, na hao wakibana zaidi wanajiumiza. Mara nane mpaka kumi, mara tatu kwa siku, na si chini ya miezi mitatu. Usifanye mazoezi kwa kukata mkojo katikati chooni, kibofu kinazoea vibaya. Na ujanja ulioniokoa mapema kabla nguvu haijarudi: bana kwanza, ndipo ukohoe. Bana, ndipo unyanyue jora, ukitoa pumzi wakati wa kunyanyua.

Nilipofika nyumbani nilicheka peke yangu. Kubana na kuachia! Somo yangu, kungwi wangu, alinifundisha hayo kabla ya harusi yangu, mlango umefungwa, khanga chini, na kwa ukali. Ila alinifundisha kwa ajili ya mume. Hakuna aliyeniambia kuwa ni ya kwangu mimi na kikohozi changu. Nimesoma kuwa mazoezi haya yanaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliyeandika habari zake mwaka 1948. Somo yangu mwaka huo alikuwa ameshazaliwa, naye alifundishwa na bibi yake. Sisemi zaidi.

Jambo jingine aliloniagiza lilinitia aibu kuliko kipimo. Siku tatu niandike kila ninachokunywa na kila ninachokojoa, kwa kipimo. Nikanunua jagi la plastiki lenye mistari, nikaliandika jina langu kwa herufi kubwa lisije likaenda jikoni. Nikatumia daftari la vipimo vya wateja, kurasa za mwisho. Matokeo: nilikuwa nakwenda chooni mara kumi na tatu mchana, mara nyingine kwa mililita 80. Kibofu kinaweza kubeba 300, 400, bila matata. Nilikuwa nakwenda kwa hofu, nisije nikaumbuka, na kibofu kikajifunza kulia kikiwa na kikombe cha kahawa tu. Na kwa kuogopa nilikuwa nakunywa maji kidogo, mkojo ukawa mzito, nao mkojo mzito unakichokoza kibofu. Akaniongezea maji, akanipunguzia chai ya rangi. Kahawa chungu ya jioni nilimwambia asiiguse. Akaiacha moja. Akanisisitizia na choo kisiwe kigumu, kwa sababu kujikamua kila asubuhi kunasukuma misuli ile ile ninayoijenga.

Kuhusu kukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo arobaini yangu, hakukashifu. Alisema tu kwamba khanga ikikazwa sana tumboni, uzito unatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni chini.

Kwa ajili ya mguu nilijishonea kifuko cha mchanga kwa jinzi kuukuu ya mwanangu, mshono mara mbili, nikachekecha mchanga wa ufukweni Raskazone mpaka ukatimia kilo moja, na utepe wa kufungia kifundoni. Nainua mguu huku nasubiri chapati zigeuke.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, nikataka kuacha. Wiki ya saba nilipiga chafya juu ya gauni la bibi harusi, nikasimama kama niliyepigwa picha, nikisubiri. Kukavu. Mwezi wa nne paja la kushoto lilisoma 51, na alama zangu kule kwingine zikawa nne. Siku za kazi kubwa, sare za shule Januari, bado navaa pedi. Goti bado linalia ka, ka, ka, ila binti anasema mlio bila maumivu nisiuhesabu. Kusujudu nasujudu chini.

Nasema na hili, kwa sababu kuna atakayesoma akajifananisha na mimi na si mimi. Mkojo unaotiririka muda wote, usiku na mchana, baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, hiyo huwa ni fistula, ni tundu, na mazoezi hayazibi tundu. Inahitaji upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wamekuwa wakiitibu bila malipo. Ukiona damu kwenye mkojo, daktari kwanza. Na wanaume: kaka yangu alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka jana, mkojo ukawa unamvuja, akawa haendi msikitini wala barazani. Nilimpeleka kwa binti yule yule. Alikasirika njiani kote. Sasa hivi anabana na kuachia akicheza bao, anadhani sijui.

Droo ya chini nimeiacha wazi, ina vitambaa vya mabaki. Sketi moja ya akiba nimemgawia mwanafunzi. Ya pili bado ipo.

Binti alikipenda kifuko cha mchanga. Ameagiza sita, vinne vya kilo moja na viwili vya kilo mbili, vya rangi tofauti ili visichanganywe. Amelipa nusu, nusu nikimpelekea Jumanne. Alitaka kupunguziwa, nikakataa, akasema basi nitarukishwa mfereji mara ishirini.