Nilivyoacha kusema "najaribujaribu tu yoga"

Kwa miaka kama mitatu hivi mtu akiniuliza yale mazoezi ya asubuhi ni nini nilikua namjibu "ah, najaribujaribu tu yoga". Sikuwahi kusema mimi ni mtu wa yoga, niliona hilo jina ni la wale wanaokunja mguu mpaka unafika nyuma ya shingo, na mi nikiinama mikono ilikua inaishia kwenye magoti.

Nilianza kwa ajili ya mgongo, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima na ikifika jioni kiuno kinawaka moto. Nikawa nafata video kwenye simu, mwalimu anaenda mbio na mi nalazimisha hivo hivo, siku moja nikajivuta msuli wa nyuma ya paja, pale juu kabisa karibu na kalio, na ule msuli ukiumia pale hauponi haraka jamani, kama wiki 6 hivi kila nikikaa nauskia. Hapo ndo nikataka kuacha kabisa. Kilichoniokoa ni mwalimu wa darasa moja nililoenda, aliniangalia akasema "dada, kunja magoti, nani kakwambia lazima miguu inyooke?" Nikakunja, mgongo ukalegea na pumzi ikashuka mpaka tumboni, nilikaa pale nikataka kulia.

Baada ya hapo nikaanza kusoma, na niliyemshika sana ni Iyengar, mwalimu wa yoga wa India, huyu alizaliwa 1918, utotoni alikua mgonjwa mgonjwa, malaria, taifodi, kifua kikuu, alianza yoga akiwa na mwili dhaifu tena mkavu. Ndo huyo aliyefanya watu wengi wazoee kutumia matofali (yale mepesi ya yoga ya kuegemea mikono) na mikanda kwenye pozi, maana ardhi ikiwa mbali unaisogeza ikufate. Nilikua naona tofali ni la wanaoshindwa, kumbe nimeteseka bure.

Halafu kuna Patanjali, yule wa zamani kabisa wa India anayetajwa kuandika misingi ya yoga. Yoga yake ina sehemu nane na pozi ni moja tu kati ya hizo nane, tena sutra zake, yaani mistari yake mifupi ya mafundisho, ziko zaidi ya 190 lakini zinazoongelea pozi ni tatu tu! Anasema ule mkao uwe imara na uwe wa raha, basi. Na sehemu ya kwanza inaanza na ahimsa, yaani kutodhuru, nikajiuliza sasa mi niliyechana paja langu kwa kulazimisha nilikua nafanya nini? Hilo swali limenikaa sana, mpaka leo nikiwa kwenye mkeka ndo najiuliza kwanza kabla ya kuinama.

Ratiba yangu ni ndogo. Dakika 20, nakaa kwanza nasikiliza pumzi bila kuibadilisha, halafu salamu kwa jua, ule mfululizo wa pozi wa hatua 12, raundi tatu, pole pole, kila hatua na pumzi yake, mwisho pozi la maiti, yaani kulala chali umetulia tu, dakika 5, na hili nawaomba msiliruke maana wengi wanakunja mkeka wakati mwili ndo kwanza unaanza kutulia. Siku nikiwa nimechoka nafanya pumzi na maiti peke yake na bado naihesabu kua nimefanya.

Kuna walioniuliza kama nimebadili dini. Nawajibu vizuri tu, asili yake ni India na imeshikana na imani za kule, hilo siwezi kulificha na naliheshimu, ndo maana maneno nisiyoyaamini siyatamki ila na wanaoyaamini siwabezi. Wengine wameelewa, wengine hawajaelewa na sijagombana nao.

Mwezi uliopita nilienda kupima afya, kwenye ile fomu kuna sehemu wameandika "mazoezi unayofanya". Nikaandika yoga, kila siku. Kalamu ilitaka kuongeza "kidogo" nikaizuia. Daktari akasoma akaniuliza umeanza lini, nikamwambia huu ni mwaka wa nne.