Ufa wa nanomita 20

Tangu asubuhi nimeshinda na kimwiba kimoja tu. Vimwiba ni vile vichipukizi vinavyoota kwenye matawi ya seli ya neva, shingo nyembamba na kichwa mfano wa uyoga. Wiki iliyopita nilikuwa nimeandika pembeni ya hiki: "hakina sinapsi," yaani hakina mahali pa kupokea ishara kutoka seli nyingine ya neva.

Sikuridhika. Nikarudi kwenye picha za hadubini ya elektroni, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikiwa na unene wa nanomita 50 hivi. Kisu kinapoipitia sinapsi wima, huwezi kuikosa: upande mmoja vifuko vya kemikali vimesongamana kama mayai ya samaki, upande wa pili mstari mweusi mzito, katikati ufa mwembamba wa nanomita 20 hivi. Kikipita kwa ulalo, ufa unapotea, mnabaki wewe na kivuli cha kijivu. Hicho kivuli ndicho nilichokidhania uchafu. Vifuko vilikuwepo, nilipovitazama tena. Hata aksoni yenyewe, ule uzi wa seli nyingine unaoleta ishara, niliipata, imepita kimya ubavuni mwa kichwa.

Imeniuma kuliko nilivyotarajia. Ukubwa wa sinapsi huenda sambamba na nguvu yake, na mwaka 2015 watafiti waliopima sinapsi kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, walipata madaraja 26 hivi ya ukubwa yanayoweza kutofautishwa. Walitazama jozi za sinapsi ambazo aksoni moja imeziunganisha na tawi lilelile, wakakuta zinakaribiana mno kwa ukubwa. Kwa kazi ya namna hiyo, ukikosa mmoja wa jozi, umepoteza wote wawili.

Nimemfikiria sana Cajal leo, yule Mhispania mchunguzi wa seli za neva. Yeye na mwanasayansi wa Italia, Golgi, walitumia rangi ileile ya kutia kwenye seli aliyoigundua Golgi, wakatazama ubongo uleule. Mmoja akaona seli zilizotengana, mwenziwe akaona wavu mmoja usiokatika. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na Golgi akasimama kwenye hotuba yake akiutetea wavu. Ufa wenyewe haukuonekana kwa macho hadi miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilipofika. Cajal alikuwa amefariki tangu 1934. Nikiwa mwanafunzi nilimwona Golgi mkaidi. Siku hizi namwonea huruma, kwa maana hadubini za wakati wake zisingeweza kumwonyesha ufa ule hata angekesha.

Mimi nilikuwa na picha. Zilikuwa mbele yangu wiki nzima.

Nimefuta yale maneno, nimeweka nukta nyekundu mahali pa sinapsi, nikapima eneo lake mara tatu. Ni ndogo, imo miongoni mwa ndogo kabisa kwenye tawi hilo. Vimebaki vimwiba 41 ambavyo nimeviandikia "hakina" kwa mkono wangu mwenyewe. Kesho naanza na cha kwanza.