Nilivyopunguza vitambaa na nyuzi za miaka 40 kabla ya kuhama Tanga

Naandika hii kwa ajili ya akina mama wenzangu washonaji na wafumaji, hasa nyie mliofika umri wangu, mimi nina 71, na mna chumba kizima nyumbani kimejaa vitambaa na hamjui pa kuanzia. Mwaka jana binti yangu alikuja Tanga akaniambia mama, kwa goti hilo huwezi kuendelea kukaa peke yako Ngamiani, twende Dar, chumba chako kipo. Nikafurahi sana. Afu akafungua chumba cha uani, akakuta shangazi kaja 14, ile mifuko mikubwa ya plastiki, masanduku mawili ya bati, ndoo za rangi zimejaa koni za uzi, makopo ya maziwa ya unga yamejaa vifungo, na cherehani 2, ya miguu na ya mkono. Akanyamaza kidogo, akasema mama, chumba chenyewe kinaingia kitanda na kabati basi.

Nieleze kwanza vilifikaje pale, maana vijana wanaona ni kurundika tu. Mimi nilianza kufundisha sayansikimu 1976, na jioni nashona nyumbani. Ile miaka ya mwanzo ya 80, baada ya vita ya Kagera, kila kitu kiliadimika, khanga kwa foleni, uzi mweupe ukiupata leo hujui utauona tena lini, sindano ya cherehani ikikatika unaenda kuazima. Afu 1983 ikaja ile operesheni ya serikali ya kukamata wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa, watu wanatupa bidhaa usiku kwa hofu. Mama yangu mzazi alikuwa na jora moja la kitambaa cha marekani, la halali kabisa, akalikata vipande akavigawa nyumba tano za ndugu usiku mmoja ili asikutwe nalo. Sasa mtu aliyeona hayo, kipande cha robo mita anakitupaje? Hata maduka yalipokuja kujaa mimi bado nilikuwa naweka, mabaki ya bitana, lasi, zipu za kubandua kwenye nguo kuukuu, kila kitu.

Wiki ya kwanza niliharibu muda. Nashika kitu najiuliza je nitakitumia, na jibu ni ndiyo, kila mara ndiyo, maana mshonaji ukimwonesha kitambaa hawezi kukosa cha kukishonea. Wiki nzima nikatoa mfuko mmoja tu. Siku hiyo akapita mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi ni fundi ana kibanda chake, kaja tu kunisalimia, shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, macho yakaenda kwenye bitana ya zambarau akasema mwalimu hii rangi naitafuta dukani sijaipata. Nikamwambia chukua. Alivyoondoka nikajisikiliza, hakuna kilichoniuma. Kumbe nilikuwa naanzia kusikotakiwa. Usiku ule nikachukua daftari nikaandika watu badala ya vitu, nani anashona, nani anafuma, nani anadarizi kofia, nani anafundisha, afu kesho yake nikawa naingia chumbani na jina la mtu mmoja tu, natafuta vyake, nikimaliza nafunga mlango. Hapo kazi ikaenda.

Ila usimpe mtu kibovu. Hii naomba mniskie. Uzi wa pamba uliokaa miaka unaoza, uvute mikononi kama urefu wa dhiraa, ukikatika kirahisi usimpe fundi maana nguo ya mteja itafumuka na lawama ni zake. Nyuzi za poliesta nyingi nilikuta bado nzima. Lastiki za zamani karibu zote nilitupa, ukiivuta hairudi, na nyingine zimeanza kunata. Sindano zenye kutu tupa, zinaacha alama kwenye kitambaa cheupe na haitoki. Khanga zilizokunjwa miaka kwa mkunjo uleule zimulike juani kwanza, pale kwenye mkunjo ndo zinapochanika.

Na vile vipande ambavyo hujui ni pamba au si pamba, kata kauzi kadogo, kashike kwa koleo uchome juu ya sahani, kuwe na maji pembeni. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka inakuwa kishanga kigumu. Nilifanya hivyo jioni tatu nzima na mjukuu, kwa sababu shule moja ya sekondari walikuwa wanashona taulo za kike za kufua kwa ajili ya wasichana, na pale panatakiwa pamba tupu, poliesta hainyonyi. Mashuka ya zamani na flana za watoto nilizotunza tangu 1990 na kitu zote zikaenda huko. Mwalimu wao akaniambia vipande ambavyo mimi niliona vidogo mno ndo saizi yenyewe, moyo wangu ulitulia sana siku hiyo.

Kuna moja iliniuma niiseme. Mtu mmoja alikuja kwa maneno mazuri, anakusanya kwa ajili ya yatima, nikampa mifuko mitatu mizuri kabisa. Siku ya nne binti yangu akaviona mnadani vinauzwa kwa fungu, alivitambua kwa lasi yangu ya kijani. Sikumfuata. Ila tangu hapo kila mfuko niliupeleka mwenyewe kwa bajaji au anayepewa akaja kuuchukua mlangoni, mtu wa katikati hakuna tena.

Kilichonichukua muda kuliko vyote si kitambaa, ni makaratasi ya khaki ya kukatia na daftari la vipimo. Kifua 36, kiuno 30, urefu 44, na jina juu. Nusu ya majina yale wenyewe wamekwishatangulia mbele ya haki. Nimekuta kipimo cha gauni la harusi la shoga yangu wa barabara ya pili tuliyemzika 2009, nikakaa chini na ile karatasi mpaka adhuhuri. Zile ambazo watoto wao wapo mjini nimewapelekea, mmoja akashonesha gauni kwa kipimo cha mama yake akasema limemkaa bila kupunguza hata inchi. Zilizobaki nikachoma uani mwenyewe, sikutaka zikafungiwe maandazi. Kurasa mbili tu nimezichomoa, ya mume wangu na ya mama.

Cherehani ya miguu ndo niliyoiacha mwisho. Mafuta yalikuwa yameganda ndani, nikadondoshea mafuta ya taa kwenye viungo nikaiacha ilale, asubuhi nikaizungusha taratibu mpaka ikalainika, nikafuta, nikatia mafuta ya cherehani, nikabadilisha mkanda. Nikampa binti wa jirani aliyemaliza ufundi na hana mtaji, kwao umeme unakatwa kila mara na ile haihitaji umeme. Ya mkono nimekuja nayo, pamoja na sanduku moja la bati. Nilijiwekea kwamba likifunga bila kulikalia basi limetosha, na lilifunga.

Juzi yule binti kapiga simu analia, bibi cherehani inaruka mishono, labda nimeiharibu. Nikamuuliza umebadilisha sindano? Eeh bibi, jana. Itoe uiangalie, ina upande bapa na upande wenye kijifereji, bapa uelekee kwenye bobini, kijifereji kiwe upande uzi unakoingilia. Nikasikia kimya, afu nikasikia kikanyagio kinaenda, ule mlio naujua, nikaacha simu sikioni mpaka salio lake likaisha.